Watu wanapungua kwenye mkutano wetu wa data. Tufanyeje?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtunza nyaraka. Mwaka jana mimi na rafiki yangu mtakwimu tulianzisha mkutano wa jioni, mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya watu wanaofanya kazi na data na utafiti wa kidijitali. Mara ya kwanza tulikuwa watu 43. Mara ya sita tulikuwa 9, na wanne kati yao ni sisi waandaaji. Wazungumzaji tunaowaalika ni wazuri na mada ni nzito: mitandao ya neva bandia, data kubwa, akili mnemba. Mwenzangu anataka tutafute mzungumzaji mwenye jina, au tuhamie mtandaoni moja kwa moja. Pia kuna bwana mmoja anayejibu kila swali kabla mwulizaji hajamaliza kuuliza. Mimi mwenyewe nina kurasa 6,000 za magazeti ya zamani ambazo programu ya kusoma maandishi kwenye picha imezisoma ovyo, lakini sijawahi kulileta hilo mkutanoni maana si mada ya kitaalamu. Tufanyeje ili watu warudi?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara jicho langu limekwama kwenye jambo ambalo wewe umelipitia haraka: kwamba una kurasa 6,000 zinazokutesa na hujawahi kuzitaja mbele ya mkutano ulioanzisha mwenyewe. Naamini jibu lako limekaa hapo. Nitarudi kwenye kurasa hizo mwishoni. Kwanza tuwazungumzie wale tisa.

Ukiwatoa ninyi waandaaji, wanabaki watano. Watano hao wametoka kazini wamechoka, hakuna bosi aliyewatuma, hakuna cheti watakachopewa, na bado wamekuja mara ya sita. Hao ndio mkutano wenu. Nimeandaa mikutano ya namna hii kwa miaka 11, na yote iliyodumu ilishikiliwa na kikundi kidogo kama hicho, wala si na umati wa siku ya ufunguzi. Siku ya ufunguzi watu huja kuona kuna nini. Kwa hiyo kabla ya mkutano wa saba, zungumza na kila mmoja wao peke yake. Usiwape dodoso. Uliza swali moja: kazi gani iliyoko mezani kwako sasa hivi inakusumbua? Utasikia habari za faili lenye majina yaliyoandikwa kwa namna nne tofauti, hojaji zilizojibiwa nusu, programu iliyokuwa inafanya kazi wiki iliyopita na leo imegoma.

Sasa linganisha hayo na mnachowapa. Mhadhara wa mitandao ya neva bandia uko kwenye intaneti bure, na mtu anaweza kuusimamisha, akaurudia, akaulaza mpaka kesho. Kisichopatikana kwenye intaneti ni mtu wa kukaa ubavuni mwako, akaliangalia faili lako wewe, akakuuliza jambo ambalo hukuwahi kujiuliza. Hata programu za akili mnemba, pamoja na wepesi wake wa kujibu, zinajibu kile ulichojua kuuliza.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Kijana mmoja mtafiti alileta kwenye mkutano wetu kumbukumbu za usajili wa watoto waliozaliwa, za miaka 20, zilizonakiliwa kutoka madaftari ya karatasi. Majina yalikuwa yamefutwa. Akaweka grafu ukutani: nguzo 12, moja kwa kila mwezi, na nguzo ya Januari imezipita nyingine zote, karibu mara tatu. Alikuwa na maelezo tayari: majira, mavuno, misimu ya ndoa. Alikwisha anza kuandika sura ya tasnifu yake juu ya jambo hilo. Mtakwimu wetu akapendekeza jaribio la kuona kama tofauti ile ingeweza kuwa ya bahati tu. Likafanywa pale pale, ikaonekana haiwezi kuwa ya bahati. Watu wakaanza kujadili mavuno.

Karibu na mlango alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo ambaye alikuwa amehudhuria mara mbili bila kusema neno. Akauliza, "Hiyo Januari ukiifungua ndani, tarehe zimekaaje?" Kijana akachuja. Tarehe 2 Januari ilikuwa na watoto wachache kama siku nyingine yoyote. Tarehe 3 hivyo hivyo. Tarehe 1 ilikuwa na maelfu. Yule mama alikuwa amefanya kazi ya ukarani masjala kwa miaka mingi. Akasema, "Mzazi akija hakumbuki siku, tulikuwa tunaandika moja Januari. Fomu ilikuwa haikubali nafasi wazi." Kijana akamwomba arudie polepole ili aandike.

Lile jaribio la takwimu halikukosea. Tofauti ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilikuwa ni tofauti ya kalamu ya karani, watoto hawakuhusika. Hakuna kitabu cha takwimu ambacho kingemwambia kijana yule hivyo, na msimamizi wake hakujua. Aliyejua ni mgeni. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, sijui mahali ambapo maneno hayo yanatimia kama kwenye mkutano wa data. Na nusura tumkose. Baadaye mama yule aliniambia kwamba ile ilikuwa iwe jioni yake ya mwisho, kwa sababu zile mbili za kwanza alizokuja zilikuwa za mihadhara mirefu na hakuona mahali pa kuingiza mguu. Miongoni mwa watu 34 mliowapoteza, wako wangapi wa namna yake? Mimi hawa ndio ninaowasikitikia, kuliko wale waliotaka kusikia habari za mitandao ya neva.

Basi ushauri wangu mkuu ni huu: jengeni jioni yenu juu ya watu waliokwama, na mzungumzaji awe kikolezo tu. Wala hili si jambo jipya. Tarehe 5 Machi 1975 wapenzi wa kompyuta walikutana kwa mara ya kwanza kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, wakaanzisha klabu iliyoitwa Homebrew Computer Club. Wengi wanaikumbuka kwa sababu Steve Wozniak alikuwa mwanachama, na aliwagawia wenzake michoro ya kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I, ya kwanza ya kampuni ya Apple. Mimi naikumbuka kwa mpangilio wa vikao vyake. Mwendeshaji wao, Lee Felsenstein, alikuwa akianza kwa kuwapa watu nafasi ya kujitaja: nina kifaa hiki, natafuta kile, nimesikia habari hii. Kila mtu akishajua nani ana nini, kikao kilifunguka, watu wakatembea ukumbini kutafutana. Nusu ya kwanza ilikuwa ramani, ya pili ilikuwa safari.

Mwaka 2008 wanahistoria na watu wa nyaraka walifanya jambo la ndugu na hilo katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, walipoanzisha THATCamp, mikutano ya wanataaluma wa sanaa na jamii wanaotumia kompyuta. Ratiba haikuwa imepangwa kabla. Watu walifika, wakasema wanataka kuzungumzia nini, wakaipanga ratiba pamoja asubuhi ile ile. Kwa mtunza nyaraka kama wewe hilo linafaa sana, kwa sababu matatizo ya nyaraka hayajipangi kufuata mada za wataalamu wa kompyuta.

Kwenu ningefanya hivi, kama mna saa mbili. Ondoeni viti vya safu vinavyotazama ukuta, pangeni meza. Dakika 20 za mwanzo kila mtu anasema kwa dakika moja anafanya kazi gani na amekwama wapi, na mmoja wenu anaandika ubaoni. Asiyekwama aseme anaweza kusaidia nini. Halafu mtu mmoja azungumze dakika 15, zisizidi 20. Kisha projekta izimwe, na muda wote uliobaki watu wakae kwa makundi kufuatana na kilichoandikwa ubaoni, kompyuta zikiwa wazi. Mwanzoni mtaona aibu, mtahisi kama mkutano hauna kichwa. Vumilieni mara tatu.

Hapo kwenye makundi kuna jambo dogo la kuangalia. Watu wanaofahamiana husimama wakafunga duara, na mgeni akabaki anazungukazunguka akijifanya anasoma simu. Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa jumuiya ya Write the Docs, ya watu wanaoandika maelezo ya programu za kompyuta, alitoa kanuni aliyoiita kanuni ya Pac-Man: kundi likisimama kuzungumza liache pengo la mtu mmoja, kama mdomo wazi wa yule Pac-Man wa mchezo wa kompyuta, na mtu akiliziba pengo lile, kundi lisogee lifungue jingine. Isemeni kwa sauti mwanzoni mwa kila mkutano. Nimeona ukumbi ukibadilika kwa kanuni hiyo peke yake.

Mzungumzaji wenu naye aombwe jambo ambalo wengi hulikwepa: aandike mbele ya watu. Asije na slaidi za kazi iliyokwisha kusafishwa. Software Carpentry, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda katika Maabara ya Taifa ya Los Alamos ili kuwafundisha wanasayansi kutumia kompyuta vizuri, na ambayo leo iko ndani ya jumuiya ya The Carpentries, inafundisha kwa namna hiyo: mwalimu anaandika msimbo, yaani maelekezo ya kompyuta, mstari kwa mstari, wanafunzi wanaandika naye, na akikosea anakosea mbele yao. Kosa likitokea, maandishi mekundu yakajaa skrini, mwambie mzungumzaji asiyafiche. Ayasome kwa sauti, aseme anafikiri nini, ajaribu. Mwanafunzi akiona mtu mwenye uzoefu wa miaka 15 kazini naye anasahau kufunga mabano, anaelewa kwamba kukwama ni sehemu ya kazi yenyewe na kwamba hakuzaliwa na upungufu.

Walimu wa Software Carpentry wamekuja na kitu kingine kidogo ambacho nimekiiga tangu nilipokiona: vikaratasi vya kunata vya rangi mbili. Kila mtu anapewa viwili. Rangi moja ukiibandika nyuma ya skrini yako ina maana nimemaliza, tuendelee. Ya pili ina maana naomba msaada. Thamani yake iko kwenye mkono usioinuliwa. Kuna watu ambao katika chumba cha watu 20 hawatainua mkono kusema sijaelewa, hata wakipotea kuanzia dakika ya tano, lakini karatasi watabandika. Msaidizi anakuja kimya kimya, anainama, wanamalizana. Mwisho wa jioni kwenye vikaratasi vile vile mtu anaandika kitu kimoja kilichomfaa na kimoja cha kurekebisha, anaviacha mlangoni. Vitakwambia mengi kuliko kuhesabu vichwa.

Kuhusu mada: ziwe ndogo, na zisimame juu ya kosa. Hebu fikiria jioni moja ya kuzungumzia Excel, programu ambayo karibu kila mtu anaitumia na karibu hakuna anayeiogopa. Mwaka 2016 watafiti walichunguza majedwali ya Excel yaliyoambatanishwa na makala za jenetiki, wakakuta karibu moja ya tano ya makala hizo ina majina ya jeni yaliyoharibika. Jeni inayoitwa SEPT2, Excel inaisoma kuwa ni tarehe 2 Septemba. MARCH1 inakuwa tarehe 1 Machi. Tatizo lilienea hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe, SEPT2 ikawa SEPTIN2 na MARCH1 ikawa MARCHF1. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Uingereza iligundua kwamba wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel ambalo halibebi zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatika bila kelele. Waliokuwa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kupewa taarifa.

Mifano hiyo mtu yeyote anaielewa, wa jenetiki na wa maktaba, na kila mmoja atakwenda nyumbani kufungua faili lake akiwa na wasiwasi wa maana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff. Mwaka 2010 wachumi hao wakubwa walitoa makala iliyoonyesha kwamba nchi ambazo deni la serikali limevuka asilimia 90 ya pato la taifa hudorora, ukuaji wa wastani ukishuka hadi chini kidogo ya sifuri. Makala ile ilinukuliwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zipunguze matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala mashuhuri. Akajaribu, hazikutoka. Akawaandikia waandishi, wakamtumia faili lao la Excel. Akabonyeza kisanduku cha wastani, akaona fomula imeishia juu mno: nchi tano za mwisho zilikuwa nje ya hesabu. Pamoja na hoja nyingine za namna data ilivyochaguliwa na kupewa uzito, yeye na walimu wake wawili walionyesha mwaka 2013 kwamba wastani ulipaswa kuwa asilimia 2.2 na si kutoa 0.1. Angalia mambo mawili hapo. Aliyeona ni mwanafunzi. Na aliona kwa sababu wakubwa wale walikubali kumpa faili. Kufunguliana mafaili ni tabia, na tabia haifundishwi na mhadhara. Watu huizoea wakiwa pamoja, jioni baada ya jioni, mahali ambapo hakuna anayechekwa.

Ila mafaili yakianza kufunguliwa, kuna hatari, na hapa naomba uwe mkali. Projekta ni dirisha. Mtu akiweka ukutani jedwali la wagonjwa, wanafunzi au wateja, amewatoa hadharani watu wasiokuwepo. Tena kufuta majina hakutoshi. Latanya Sweeney, mtafiti wa Marekani, alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, alikuwa ameitambua rekodi ya matibabu ya gavana wa Massachusetts, William Weld, ndani ya data iliyotolewa bila majina. Kwa hiyo wekeni sharti: data ya watu haionyeshwi na haitoki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Aliyekwama alete data ya kubuni yenye safu zile zile na makosa yale yale. Hata lile faili la usajili wa watoto, leo ningemwomba kijana alete jumla ya kila siku ya mwaka tu, bila mstari wa mtoto mmoja mmoja. Kosa la tarehe 1 Januari lingeonekana vile vile.

Sasa yule bwana wa majibu. Simchukii, na nakuomba usimchukie. Mara nyingi watu wa namna ile ni watu waliojifunza peke yao kwa shida, na mkutano ndio mahali pa kwanza ambapo wanachokijua kina thamani mbele ya wenzao. Lakini anawafukuzia watu, na hilo lazima likome. Mvute pembeni, kabla ya mkutano na si katikati yake. Mwambie ujuzi wake unahitajika, kisha mpe kalamu ya ubaoni. Anayeandika maneno ya wengine analazimika kuwasikiliza mpaka nukta, na akiwa anaandika hawezi kujibu. Baada ya hapo mweke kwenye kundi la waliokwama kwa sharti kwamba dakika 10 za mwanzo anaruhusiwa kuuliza tu.

Recurse Center ya New York, ambako watengeneza programu hukaa wiki kadhaa kujinoa, wana kanuni fupi za kuishi pamoja, na mbili zinafaa kuchukuliwa kama zilivyo: usijifanye kushangaa mtu akisema hajui jambo fulani, na usimkatize mtu kumsahihisha kwa jambo dogo lisilobadilisha anachosema. Lile "ina maana hujui hata hili?" limewafunga watu midomo zaidi ya mada yoyote ngumu. Kanuni hizi ziandikwe, zisomwe, na awepo mtu mmoja anayejulikana wa kuzisimamia. Kama bwana yule au mwingine yeyote ataendelea kuwadhalilisha watu baada ya kuambiwa mara mbili, aombwe asije. Ni uamuzi mzito, nimewahi kuufanya mara moja, na wiki zilizofuata walirudi watu watatu ambao hatukujua kwa nini walikuwa wameacha.

Hapo hapo nigusie jambo la nani anaona kwamba mlango ni wake. Gabriela de Queiroz alianzisha R-Ladies huko San Francisco mwaka 2012, baada ya kujifunza mengi bure kwenye mikutano ya aina yenu na kutaka kurudisha fadhila. Leo ni mtandao wa matawi katika nchi nyingi, wa wanawake na wengine wanaopata nafasi ndogo katika jumuiya ya R, lugha ya kuandikia programu za takwimu. Hamna haja ya kuanzisha tawi. Tazameni tu orodha ya wazungumzaji wenu sita waliopita, mjiulize kama karani yule wa masjala angemwona humo mtu anayefanana naye.

Mtandaoni? Kwa walio mbali, ndiyo, mwezi mmoja kati ya mitatu, na mwezi huo wote muwe mtandaoni, hata mlio jengo moja, kila mtu na kompyuta yake. Mkichanganya chumba na skrini, walio kwenye skrini wanageuka watazamaji. Rekodini mazungumzo ya mzungumzaji, ila ule muda wa waliokwama msiurekodi kamwe. Mtu hasemi "sijaelewa" mbele ya kamera.

Mzungumzaji mwenye jina atawajazia ukumbi jioni moja, na mwezi unaofuata mtaona pengo kubwa zaidi. Akipatikana, karibuni, ila aombwe azungumzie kazi yake iliyoshindikana. Fedha msizihangaikie sana. Mnahitaji chumba, soketi za kutosha na meza. Programu na data ya jioni ile ziwekwe kwenye flashi tatu au nne kabla, kwa sababu watu 15 wakipakua kitu kimoja kwa pamoja intaneti inalala, na nusu saa yenu inakwenda nayo.

Kinachowarudisha watu hasa, kwa uzoefu wangu, ni daftari. Kila mwisho wa mkutano andikeni nusu ukurasa: nani alikwama wapi, nini kilijaribiwa, nini hakikutatuka. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma nusu ukurasa ule, na aliyetajwa aulizwe amefikia wapi. Nimeona mtu akija kwenye mvua, amechelewa saa nzima, ili tu aseme kwamba lile faili lilikubali. Kwenye mhadhara mtu akikosekana hakuna linaloharibika. Mahali ambapo jina lake na shida yake vimeandikwa, watu wanamsubiri. Daftari hilo pia lishikwe kwa zamu, miezi mitatu kila mtu, na katika wale watano chagueni wawili wa kuanza. Ninyi wanne mkiendelea kubeba kila kitu, kufikia mwisho wa mwaka wawili wenu watakuwa wamechoka na hawatasema.

Turudi kwenye magazeti yako. Unasema si mada ya kitaalamu. Hebu chukua hesabu hii. Tuseme programu inakosea herufi 1 katika kila 20, na makosa yametawanyika bila mpangilio. Asilimia 95 ya herufi ni sahihi, na kwa haraka mtu atasema hiyo ni nzuri. Lakini neno la herufi 10 ili lisomeke sawasawa linahitaji herufi zote 10 ziwe sahihi, yaani 0.95 mara yenyewe mara 10, ambayo ni karibu 0.60. Maneno manne katika kila kumi ya urefu huo yameharibika. Mtafiti akitafuta jina la mtu au la mji kwenye hazina yako, sehemu kubwa ya mahali lilipotajwa haitatokea, na hakuna ujumbe utakaomwambia kuna kilichokosekana. Ataandika kwamba mtu yule alitajwa mara chache. Hiyo ni ile ile tarehe 1 Januari, imevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo mkutano wa saba usimwalike mtu. Mzungumzaji ni wewe, dakika 15, ukionyesha ukurasa mmoja: picha upande wa kushoto, alichosoma mtambo upande wa kulia. Kisha chapisha kurasa 10, picha na maandishi yake, uwagawie wale watano mbili mbili. Kila mtu ahesabu maneno 100 ya kwanza katika kila ukurasa, apige alama chini ya kila neno lililoharibika, aandike pembeni ni kosa la namna gani: herufi zilizogandana, safu mbili zilizosomwa kama moja, wino uliofifia, kunjo la karatasi. Yule bwana asimame ubaoni na kalamu, ajumlishe. Ndani ya saa moja mtakuwa na makadirio ya mwanzo ya hali ya hazina yako, na orodha ya makosa ya kuanza nayo. Mwenzako mtakwimu atawaambia makadirio hayo yanaweza kupotoka kiasi gani kwa kurasa 10, na kwenye mkutano wa nane mtaongeza nyingine. Ila hizo 10 zichaguliwe kwa bahati nasibu kutoka zote 6,000. Usichukue zile mbaya unazozikumbuka kwa kichwa.